Tone Katikati ya Vioo Viwili

Meno ya baba yalidondoka kwenye supu siku ya Jumanne, mbele ya jirani, na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Zamani yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka. Safari hii aliyatoa kwa kijiko, akayafuta kwa kitambaa, akayaweka kando ya bakuli taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha watu, kisha akasema ameshiba. Supu haikuwa imefika hata nusu. Jirani yetu, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi tangu asubuhi, alinyamaza kimya.

Ile ilikuwa seti ya tatu, na zote nilizitengeneza mimi. Ndiyo kazi yangu. Natengeneza meno bandia katika maabara iliyo nyuma ya kliniki ya meno, chumba chembamba chenye meza mbili, mashine ya kung'arishia, na vumbi la plasta lisilotoka kwenye nywele hata uoge na nini. Watu hudhani fundi wa meno kutwa anachungulia midomo. Mimi midomo siioni. Daktari ndiye anayechukua umbo la ufizi kwa ule ujiuji wa waridi unaogandia mdomoni. Mimi naletewa umbo, namimina plasta, napata taya jeupe lisilo na mtu. Juu ya taya hilo napanga meno kwenye nta, moja moja, halafu nta inayeyushwa na mahali pake panaingia plastiki ngumu yenye rangi ya ufizi. Kuna watu wanatafuna nyama kwa kazi ya mikono yangu na wakinipita njiani hawanijui. Baba yangu mzazi, nimeshindwa kumpa meno ya kulia mkate.

Tunaishi wawili tu, mimi na yeye. Mama alishatangulia. Ndoa yangu ilikufa mapema, nikarudi nyumbani nikasema nakaa kidogo, na huko kukaa kidogo mvi zikanikuta. Kaka yangu mkubwa anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima, ana nyumba pana na mke mvumilivu. Alipiga simu jioni ile ile, maana Redio alikuwa ameshatangaza.

"Mzee amekonda," akasema. "Kila siku unaniambia hajambo, kumbe hali."

"Anakula, Kaka. Anakula kidogo."

"Kidogo ndiyo nini? Nakuja Jumamosi. Nikikuta bado hali, naondoka naye. Sikulaumu, mdogo wangu. Umechoka. Hata sauti yako imechoka."

Sauti yangu ilikuwa imechoka kweli. Nilitaka kumjibu asithubutu, nyumba hii bila mzee nitakaa namtazama nani. Na wakati huo huo, sioni haya kulisema, nilitaka kumwambia asingoje Jumamosi, aje Ijumaa.

Tangu baba avunjike nyonga hawezi kwenda chooni bila kushikwa. Mchana Redio anakaa naye hadi nirudi. Usiku ni wangu. Kando ya kitanda chake kuna kengele ya mkono, ya shaba, waliyompa shuleni alipostaafu, na akibanwa huipiga. Kwa miezi nilikuwa naamka, narudi kulala, naamka tena, hadi nikawa nasinzia juu ya nta. Kuna bwana mmoja nilimpangia jino la kulia kushoto, ikabidi nianze upya. Lakini wiki za karibuni Mungu alinionea huruma. Kengele ilitulia. Ilikuwa ikilia mara moja karibu na alfajiri, na siku nyingine hata hiyo hakuna. Nililala usingizi wa pono. Nilimwambia Redio, "Angalau sasa mzee analala," naye akaitikia, "Ashukuriwe Mungu, na wewe upumue."

Shida ikabaki meno tu.

Nyakati za ufundishaji wake, wanafunzi walimwita Mwalimu Matone. Alifundisha kemia, na jina lilitokana na somo moja alilolirudia kila mwaka bila kulichoka. Alikuja na vipande viwili vya kioo, akadondosha tone moja la maji juu ya kimoja, akakilaza kingine juu yake. Kisha anaita yule kijana mwenye kifua kipana kuliko wote: njoo uvitenganishe, lakini usivitelezeshe, vuta! Kijana anavuta hadi mishipa inamtoka shingoni. Darasa zima linapiga kelele. Vioo vimekaa.

Ndipo anaeleza, huku anazunguka kati ya madawati. "Ndani ya molekuli moja ya maji, atomu zimefungana. Hiyo ni ndoa, kuivunja ni kazi. Lakini kati ya molekuli na molekuli ni ujirani tu. Huyu upande wake mmoja una chaji hasi kidogo, yule ana chaji chanya kidogo, basi wanaegemeana. Wanashikana wao kwa wao, na wanakishika kioo. Kila mshiko ni mnyonge, unakatika na kuungana tena kabla hujapepesa jicho. Ila iko mingi mno, na huo wingi ndio unaomshinda mwenzenu." Halafu anavitelezesha vioo, anavipangusa kwa shati lake hadi vinakauka, anavilaza tena kimoja juu ya kingine, na kukiinua cha juu kwa kidole. "Na bila maji?" anauliza. Darasa linajibu kwa pamoja, "Hakuna kitu, Mwalimu!"

Nilikuwa kwenye darasa hilo. Nilikaa mbele nikijifanya simjui.

Jumatano nilimwomba ruhusa daktari wa kliniki yetu nimlete baba tuchukue umbo upya. Ni binti mpole, ana subira ambayo mimi ilishaniisha. Alichukua umbo, akalitazama kwenye mwanga, akasema ni zuri, halina kasoro.

"Ila ufizi wake umekauka kidogo," akaniambia. "Maji anakunywa?"

"Jagi liko kando ya kitanda, Daktari. Halikosi maji."

Akamgeukia baba. "Mzee, unajisikia mdomo kukauka?"

"Niko salama," baba akajibu, akatazama dirishani.

"Basi labda ni zile dawa za presha," daktari akasema, na mimi nikaondoka na umbo langu mkononi. Nilikuwa nimeshaamua kosa liko wapi. Liko kwenye plasta, au kwenye ukingo, au kwenye mikono yangu. Fundi akichoka huona kosa mikononi mwake tu.

Alhamisi na Ijumaa nilifanya kazi ambayo sijawahi kumfanyia mteja yeyote. Niliipunguza plastiki hadi ikawa nyembamba, nikaufuata ukingo milimita kwa milimita, nikaung'arisha hadi ukapata mng'ao wa sahani mpya. Macho yaliniwasha, mgongo ulikuwa ubao. Kwenye plasta seti ilikaa kama imezaliwa hapo. Nilirudi nyumbani nimeifunga kwenye kitambaa nikijisemea, kesho Kaka atamkuta mzee anatafuna.

Redio alikuwa ameshakwenda kwake. Baba aliipokea seti, akaitazama pande zote kama alivyokuwa akitazama madaftari yetu, akaiweka mdomoni.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Kazi nzu..." Meno ya juu yakashuka yakagonga ya chini, kakh. Akayarudisha kwa kidole gumba. Yakashuka tena.

Nilikaa kitandani miguuni pake. Sikuwa hata na nguvu za kukasirika.

"Kazi yako ni nzuri mno," akasema kwa ule ulimi wake wa kibogoyo, meno yakiwa kwenye kiganja. "Usijilaumu. Tatizo si kazi yako."

"Tatizo ni nini basi, Baba?"

Aliyageuza meno kiganjani. "Nimezeeka, mwanangu. Mwache kaka yako aje anichukue."

Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba ili kelele ya maji inifunike, nikalia. Nililia kwa uchovu zaidi kuliko kwa huzuni. Nilipomaliza nilitoa begi juu ya kabati na kuanza kukunja mashati yake.

Kaka alifika Jumamosi kabla ya jua kuwa kali, amesafiri usiku kucha, na shati limemganda mgongoni. Alimwamkia mzee, akamshika mkono, na niliona jinsi vidole vyake vilivyouzunguka mkono ule wote na vikabaki na nafasi. Alinitazama tu. Redio naye alikuwepo, ameleta mapapai ya safari, anafunga hiki anafungua kile. Baba alikuwa ameshavalishwa viatu, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa.

Nilianza kukusanya vitu vya kwenye meza yake ndogo: miwani, dawa, kengele. Nikanyanyua jagi ili nifute chini yake. Lilikuwa limejaa hadi shingoni, na juu ya maji kulikuwa na utando wa vumbi, mwembamba, wa kijivu. Mdudu mdogo alikuwa amelala katikati yake, amekauka miguu juu.

Nikasimama nalo. Vumbi la namna ile halikai siku moja.

"Jirani," nikaita. "Hili jagi umelijaza lini?"

"Mimi?" Redio akashangaa. "Mimi sijawahi kulijaza hilo. Kila nikija nalikuta limejaa. Nikasema jamani binti huyu, anachoka vile na jagi la baba yake hasahau. Nimekusifu hadi kwa dada yangu."

"Mimi kila asubuhi nalikuta limejaa. Nikajua unalijaza wewe jioni kabla hujaondoka."

Tukatazamana. Kwa mara ya pili wiki ile, Redio akakosa la kutangaza.

"Na chai?" nikamuuliza.

"Chai hagusi. Anaionja anasema imepoa. Nimempashia hadi nimechoka. Nikadhani ni mambo ya meno."

Niligeuka kumtazama baba. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Baba, maji unakunywa?"

"Nakunywa."

"Lini?"

"Na dawa."

Funda moja la kumezea kidonge. Nilisimama katikati ya chumba kile na jagi mikononi, na ghafla nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu seti ya kwanza. Meno ya juu hayashikiliwi na gundi wala msumari. Yanashikwa na utando wa mate kati ya plastiki na kaakaa, basi. Ni wale majirani wa baba, wanaoegemeana wao kwa wao, wanashika ufizi huku, plastiki kule. Mimi nilikuwa nasugua vioo wiki zote hizi. Hakuna aliyeweka tone.

"Baba," nikasema. "Vioo viwili. Na bila maji?"

Hakuinua uso. Alijibu polepole, kama darasa lililochoka. "Hakuna kitu."

"Ulijua!"

"Nilifundisha miaka mingi, mwanangu. Ningekosaje kujua?"

"Tangu seti ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. "Ukaniacha! Ukaniacha napanga meno, nang'arisha, nalia jikoni, nakufungia begi, na wewe umekaa hapa na jibu mdomoni! Mwalimu gani wewe?"

"Wee, taratibu, huyo ni mzazi," Redio akasema.

"Najua ni mzazi! Nataka aniambie kwa nini."

Kaka akajongea, akapiga goti mbele yake. "Mzee, sema. Kwa nini hutaki maji?"

Baba alipapasa meza, akaigusa kengele kwa ncha ya kidole bila kuiliza.

"Maji yakiingia lazima yatoke," akasema. "Yakitaka kutoka lazima nipige hii. Nikipiga hii, namsikia. Kabla hajawasha taa, kabla hajavaa ndala, nasikia magoti yake yanalia. Ka, ka. Yote mawili. Anakuja ananishika, haniambii kitu, halafu asubuhi anakwenda kazini na macho mekundu. Nikajaribu kupunguza maji jioni. Nikaona amelala kidogo. Nikapunguza na ya mchana." Akameza, na tulisikia koo lake linavyokwaruza. "Akawa anakoroma. Nilikuwa nalala macho nikimsikiliza anakoroma. Nilifurahi sana."

Mimi nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa usingizi ule. Niliringa nao. Kumbe kila nilipokuwa nimejifunika shuka, upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa amelala na ulimi umegandia kaakaani, na jagi la maji liko karibu na mkono wake. Nikakaa juu ya begi lake.

Kaka ndiye aliyeanza kusema. "Basi ndiyo maana nasema twende, Mzee. Kwangu watu ni wengi. Mtu wa kuamka usiku kwa ajili yako hakosekani."

"Niko tayari," baba akasema. "Viatu nimevaa."

"Haendi," nikasema.

"Mdogo wangu, umechoka."

"Nimechoka. Nimechoka vibaya sana, nani amekwambia nimeficha? Lakini uchovu ni wangu mimi. Sikumtuma mtu anipunguzie kwa kujikausha." Nikamgeukia baba. "Unasikia? Magoti haya yatalia hata ukiondoka. Yatalia nikienda kumwaga takataka. Afadhali yalie nakuja kwako kuliko yalie bure."

Hata machozi ya baba hayakuwa na pa kutokea, jicho lilibaki jekundu tu, kavu.

Redio alininyang'anya jagi bila kuuliza, akaenda kulisugua, akarudi nalo lina maji mapya. Nilimimina glasi. Baba aliishika kwa mikono miwili. Alipoanza kunywa hakuweza kuacha. Alikunywa kwa kelele, kama ndama, maji yakamtiririka hadi kwenye shati la safari, akanyoosha glasi niongeze. Nikaongeza. Kaka aligeukia ukuta akajifanya anatazama kalenda.

Tulingoja kidogo. Kisha nililowesha seti yangu ya nne na kumpa. Aliiweka, akaibana kwa kidole gumba, akakiondoa kidole. Sote watatu tulikuwa tumefumbua midomo kama wajinga.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Kazi nzuri," akasema. Meno yalikaa.

Sisemi kwamba yalishika inavyotakiwa. Mdomo uliokauka wiki nyingi haurudi kwa glasi mbili. Alipopiga chafya yalicheza, na ganda gumu la mkate lilimshinda. Lakini sehemu laini aliikata yeye mwenyewe, akaitafuna pande zote mbili, taratibu, macho ameyafumba. Alipomaliza alimwita Kaka kwa kidole.

"Wewe mwenye kifua," akamwambia. "Njoo uyavute tuone."

Kaka alicheka hadi akakaa chini. Redio akapata sauti yake, akaanza kutangaza tangu mwanzo, na safari hii hatukumzima. Begi nililifungua mimi. Kaka alisema atakaa mpaka Jumatano na zamu zote za usiku ni zake, na kwamba akirudi kwake atamtuma mwanawe mkubwa aje anisaidie. Nilimjibu tutaona. Ahadi za Kaka nazijua, ila zile za hadi Jumatano huzitimiza.

Baada ya chakula cha mchana Kaka alimsindikiza Redio na makapu yake. Nyumba ikatulia. Nilisema nikae kwenye kiti cha sebuleni nipumzishe mgongo tu, na usingizi ukanichukua hapo hapo, ule mzito, mdomo wazi.

Kengele ikalia.

Ililia kwa woga, mara moja, kisha ikakatishwa kwa mkono, kama aliyeipiga amejuta. Nilifumbua macho. Kila kiungo changu kilikuwa kinaniomba nijifanye sijasikia. Nilishika mikono ya kiti, nikajiinua, na magoti yakaanza.

"Nakuja, Baba!" nikaita, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili asiyasikie.